Weka templeti kando, tengeneza utepe wa jina

Anayeanza kujifunza michoro ya mwendo siku hizi hukimbilia templeti, yaani projekti iliyokwisha kutengenezwa na mtu mwingine. Anapakua, anabadilisha jina na rangi, anarenda, yaani anaitoa projekti iwe faili ya video, kazi imekwisha. Shida huja mteja akisema jina lichelewe kidogo halafu litue taratibu. Hapo aliyebandika tu hana pa kushika, maana hajui ni nini ndani ya ile projekti kinacholifanya jina litue. Ndiyo maana nashauri kazi ya kwanza iwe utepe mmoja wa jina, kama ule unaotokea chini ya mtu anayehojiwa kwenye taarifa ya habari, uliotengenezwa kwa mkono tangu mwanzo.

Kwenye After Effects, programu ya Adobe ya michoro ya mwendo, fungua komposisheni, yaani uwanja wa kazi, ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu (picha mojamoja za video) 25 kwa sekunde. Chora mstatili, kisha uuwekee vifremu viwili vya nafasi. Kifremu ni ile alama inayoiambia programu kitu kiwe wapi kwa wakati fulani. Cha kwanza kiwe nje ya skrini kushoto, cha pili pale utepe unapotua, fremu 12 baadaye. Jina liufuate utepe kwa kuchelewa fremu 4. Utepe ukae sekunde 4, utoke kwa fremu 8, kwa kuwa mtazamaji keshasoma. Maandishi yasivuke pikseli 96 kutoka pembeni wala 54 kutoka chini. Hiyo ni asilimia 5 kila upande, mpaka salama wa televisheni.

Ukichezesha, utepe utakwenda kwa kasi moja kisha ukwame ghafla. Wengi hubonyeza F9 wakaridhika. F9 inalainisha kuondoka na kufika kwa kiwango kilekile, ndiyo sababu kazi nyingi za wanaoanza zinasuasua. Kitu kinachoingia kwenye skrini tayari kimeshika kasi huko nje. Kinachohitaji ni breki tu. Fungua grafu ya kasi, acha mwanzo uwe juu, vuta mkono wa kifremu cha mwisho, yaani kishikio chake kwenye grafu, hadi asilimia 80 hivi. Wakati wa kutoka, geuza: kianze polepole, kiondoke kwa kasi. Ningependa mwanafunzi akae na grafu hiyo wiki nzima kabla ya kugusa kitu kingine. Na akiona kitu kinayumba kati ya vifremu viwili vyenye nafasi ileile, asishangae: njia baina yake imepindwa na programu yenyewe. Kwenye mipangilio ya jumla kuna chaguo la kuifanya njia iwe mstari ulionyooka.

Kazi ya pili ni kuunganisha picha za video: mtu anarekodiwa mbele ya kitambaa cha kijani, kisha kijani kinakatwa na kuwekwa mandhari nyingine. Kazi hii inaharibika zaidi siku ya kurekodi kuliko mezani. Kitambaa cha kijani kipigwe pasi, kipate mwanga wake sawasawa, na mtu asimame angalau mita 2 mbele yake. Akikaribia, ukijani unamrukia mabegani na kwenye nywele. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, iwe sekunde 1/50 au 1/100, la sivyo taa nyingi zitapepesa kwenye video. Kama ni simu, funga ekspoza (kiwango cha mwanga) na rangi zisibadilike zenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Simu na kamera nyingi huhifadhi rangi kwa uchache: pikseli 4 zinagawana sampuli moja ya rangi, ingawa kila moja ina mwanga wake. Programu ya kukata kijani inategemea rangi hiyohiyo, ndiyo sababu kingo zinatoka na meno. Rekodi kwa 4K, yenye upana na urefu mara mbili ya 1080, uishushe iwe 1080, na kila pikseli itapata sampuli yake. Na klipu isipitie WhatsApp kama video ya kawaida, maana itabanwa tena. Itumwe kama dokumenti.

Mezani, anza kwa kuzungushia mtu maski ya haraka, yaani mstari unaoficha kila kilicho nje yake, ili programu isihangaike na stendi za taa. Kwenye Keylight, zana ya kukata kijani ndani ya After Effects, chagua kijani kilicho karibu na uso, kisha tazama picha ya nyeusi na nyeupe: mtu awe mweupe, nyuma kuwe kweusi. Sogeza vidhibiti viwili vya kubana weusi na weupe kidogokidogo. Ukivibana kwa nguvu, nywele zinageuka kofia. Ni heri nakala mbili za klipu, moja iliyokatwa kwa ulaini kwa ajili ya nywele na nyingine iliyokatwa kwa ukali kwa kifua na tumbo. Mwisho, linganisha weusi wa mtu na weusi wa mandhari. Kivuli cha kwapa kikiwa cheusi kuliko kivuli chochote cha nyuma, jicho litagundua kabla ya akili.

Turudi kwenye utepe. Ukiutoa kwa MP4 ya H.264, aina ya kawaida ya faili ya video, utapata mandhari meusi, kwa kuwa faili hiyo haibebi uwazi, yaani sehemu tupu za kuonyesha video iliyo chini. Tumia ProRes 4444, aina ya video inayobeba uwazi, au mfululizo wa PNG, ambapo kila fremu ni faili yake ya picha. Mimi napendelea PNG: umeme ukikatika katikati ya kurenda, fremu zilizokwisha kutoka zinabaki salama, unaendelea pale ulipoishia. Na ukiona ukingo mweusi mwembamba kuzunguka maandishi, rudi kwenye tafsiri ya faili (Interpret Footage), ubadilishe namna programu inavyousoma uwazi.