Pilsner haitaki friza

Anayetaka kuifahamu bia ya aina ya pilsner asianze na chupa iliyotoka kwenye friza ikiwa imeshika barafu, kwa sababu baridi ya namna hiyo huutia ulimi ganzi, na mnywaji huishia kuusifu ubaridi akidhani anaisifu bia.

Asili yake ni Plzeň, mji wa Bohemia ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1838 bia ya hapo ilikuwa mbovu kiasi kwamba mapipa 36 yalimwagwa mbele ya ukumbi wa mji. Raia wenye haki ya kupika bia wakajenga kiwanda chao na kumwajiri Josef Groll kutoka Bavaria, naye akapika bia yake ya kwanza Oktoba 1842. Kimea cha shayiri kilikaushwa kwa hewa ya moto bila kuunguzwa, hivyo bia ikatoka na rangi ya dhahabu wakati ambapo nyingi zilikuwa za kahawia. Maji ya Plzeň yana madini machache mno, na ndiyo maana uchungu wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za Žatec, mji mwingine wa Bohemia, ingawa ni mwingi, haukwaruzi koo. Hamira yake hufanya kazi kwenye baridi, kisha bia hulazwa kwa wiki kadhaa ili itulie.

Kwetu mhudumu huuliza, "Baridi au moto?", kana kwamba hakuna cha katikati. Kipo: nyuzi 7 hivi, yaani chupa iliyotolewa kwenye friji na kuachwa mezani kidogo. Imiminwe katika glasi isiyo na mafuta wala mabaki ya sabuni, maana hayo huua povu, nalo povu si hila ya kumpunja mteja kama wengi wanavyolalamika. Huzuia hewa isiiharibu bia na hushika harufu ya hopsi. Wacheki hata wana mmimino uitwao mlíko, ambao karibu wote ni povu. Nusa kwanza, utapata harufu ya mkate na majani, kisha unywe funda kubwa na kusubiri uchungu unaobaki baada ya kumeza.

Kileo chake huko Plzeň ni asilimia 4.4 tu, kwa hiyo anayetafuta kulewa haraka atachoka bure. Na anayeuona uchungu huo kuwa kasoro ana lager nyingine tele katika baa za Nairobi na Dar es Salaam, ambazo kwangu ni pilsner zilizoonewa aibu zikapunguziwa hopsi.