Mama mkaidi

Liliandikwa kwa Kiingereza kwenye faili ya mwanangu, na aliyeandika hakudhani ningelisoma: mama anakaidi matibabu.

Nilifika hospitalini hapa Kisumu kwa boda kutoka Manyatta, leso kiunoni, kandambili miguuni, mtoto wa siku nne kifuani, macho yake manjano kama binzari. Daktari kijana alimtazama mtoto, kisha akanitazama miguu. "Mama, atawekwa kwa taa. Usijali." Maelezo yote yalikuwa hayo.

Mtoto huvuliwa nguo, akafungwa macho, akalazwa chini ya mwanga wa buluu. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanga huo unaigeuza bilirubini, ile rangi ya manjano iliyozidi mwilini, ili iweze kutoka. Wala kwamba ikipanda mno huweza kuingia kwenye ubongo, ikamwacha mtoto kiziwi au na mtindio wa ubongo. Alipolia nilimtoa nikampakata. Alipolia tena nikamtoa tena. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkaidi.

Kesho yake jioni alikuja kaka yangu, mwalimu, na shati lake na tai. Daktari yuleyule akamwita kando, akamweleza kwa Kiingereza, akamwonyesha namba za maabara. Mimi niliyezaa nimesimama papo hapo. (Kidato cha nne nilimshinda Kiingereza, na yeye anajua.) Kaka akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Tulipotoka kwenye korido akaninong'oneza, "Sasa hiyo bilirubini ni nini?"

Sidhani daktari yule ni mtu mbaya. Alikuwa na wodi nzima na macho mekundu ya kukosa usingizi. Mchovu hana nafasi ya kukujua, basi anakukadiria: leso maana yake hujasoma, tai maana yake umeshaelewa. Kitanda cha pili alikuwapo msichana wa shule. Yeye aligombezwa kwanza, akaulizwa baadaye mtoto ana nini. Mama mmoja wa Kiluhya alijadiliwa kwa Kidholuo juu ya kichwa chake, kana kwamba ni godoro.

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinasema mlezi wa mtoto aelezwe hali yake na matibabu yake, kwa lugha anayoielewa kila inapowezekana, na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Nahofia wengine wanaisoma hiyo ya mwisho kama ruhusa ya kusema machache. Kurahisisha ni kazi ngumu. Kupunguza hata mvivu anaweza.

Aliyeniokoa ni sista wa usiku, mtu mzima, miguu imemvimba. Alinikuta nimempakata mtoto saa nane, akaketi kitandani. "Mama, wewe unadhani taa hii inafanya nini?" Nikamwambia inampasha joto, nami joto ninalo. Hakucheka. Alinieleza kwa dakika kama tatu hivi, nusu Kiswahili nusu Kidholuo, kisha akaniomba nimrudishie maelezo kwa maneno yangu. Toka hapo nilimtoa mtoto wakati wa kunyonya tu.

Siku ya kuruhusiwa daktari alipitia faili, akatabasamu. "Mama, siku hizi umetulia."