Kuuliza nimejifunza Uingereza, kubisha nilitoka nako nyumbani

Huku Newcastle ukitaka kuwajua watu, usianze na habari za kwao. Ni wakarimu, ni wacheshi, lakini yale maswali yetu ya Tanga, umeoa, una watoto wangapi, wazazi wapo, huku yanakufanya uonekane mpelelezi. Nenda nao kwenye chemsha bongo ya baa. Mwenzangu mmoja wa kazini, ambaye kwa muda mrefu tulikuwa tunaishia kwenye salamu na hali ya hewa, alinisimulia maisha yote ya marehemu baba yake kwa sababu tu liliulizwa swali la Newcastle United. Timu hiyo ilichukua Kombe la FA 1955, kisha ikakaa bila kombe kubwa la Uingereza hadi Machi 2025. Baba wa watu alizaliwa na kufa katikati hapo.

Kwa wasioijua, desturi hii ilishika kasi miaka ya 1970, wenye baa walipokuwa wanatafuta wateja siku za katikati ya wiki. Mnakaa timu ya watu wanne hadi sita, kila mmoja anatoa pauni moja au mbili, mnajipa jina la utani, mnapewa karatasi na kalamu. Muulizaji anashika maikrofoni: raundi ya michezo, ya muziki, ya picha, ya mchanganyiko. Simu zinabaki mfukoni, na zinabaki kweli. Mwisho mnabadilishana karatasi na meza ya jirani wawasahihishie. Hapo ndipo nilipoishiwa maneno. Hebu fikiria karatasi ya Yanga inasahihishwa na Simba, na zawadi iko mezani.

Mwanzoni nilikuwa pambo la meza, mimi na soda yangu. Yanayoitwa maarifa ya jumla ni kumbukumbu za watu fulani: vipindi vya watoto vya televisheni vya miaka ya 1980, matangazo ya biskuti, nyimbo za Krismasi. Sikuona ubaguzi ndani yake. Mtunga maswali anachota alikolelewa, basi. Na sisi hatuna cha kuwacheka. Chemsha bongo ya shule yetu ilikuwa "gavana wa kwanza Mwingereza wa Tanganyika alikuwa nani?" Ukijua Horace Byatt unakaa, usipojua unabaki umesimama darasa zima likikutazama. Kule unaaibishwa, huku unapuuzwa, lakini swali ni lilelile: unalo kichwani au huna.

Mambo yalibadilika kazini walipoandaa usiku wa kuchangisha fedha na kunipa raundi moja niitunge, ya Afrika Mashariki. Nilijua nikiuliza kama kule shuleni, watu wangetazama dari. Wao wangejuaje kwamba Simba ilianzishwa 1936? Kwa hiyo niliuliza hivi: kuna klabu kubwa ya Dar es Salaam ambayo leo ina jina la mnyama, lakini hadi 1971 ilikuwa na jina la klabu ya Uingereza. Klabu ipi? Meza zikaanza Arsenal, zikaja Liverpool. Nikaongeza kwamba ni jina ambalo wengi humu ndani hawapendi kulitamka. Ukumbi ukalipuka kwa kuzomea hata kabla jibu halijasomwa, maana Newcastle na Sunderland wanapendana kama Simba na Yanga wanavyopendana. Hakuna aliyekuwa anajua kitu kuhusu Msimbazi, na karibu meza zote zilipata.

Tangu siku ile naamini swali zuri hutungwa kwa ajili ya asiyejua. Lazima umwachie uzi wa kuvuta. Ukiuliza Freddie Mercury alizaliwa wapi, umepoteza swali, Zanzibar wanaitaja hata usingizini. Uliza mwimbaji huyo wa Queen na mshindi wa Nobel ya fasihi wa 2021 wana uhusiano gani. Mmoja mezani atamjua Mercury, mwingine aliyesoma Kent atamkumbuka Profesa Abdulrazak Gurnah, na hapo wawili ambao hawajawahi kuongea wanalazimika kuinamiana. Filbert Bayi namweka kwa ajili ya wazee. Mbio zile za mita 1500 za Christchurch, Februari 1974, alipoongoza toka mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia, waliziona kwenye televisheni wakiwa vijana. Babu aliyekuwa amekaa kimya tangu raundi ya muziki anainua kichwa.

Kazi nyingine ni kuziba mianya ya ubishi. Vita vya Zanzibar vya Agosti 1896 ni swali tamu, lakini usiulize vilichukua dakika ngapi: wengine wanaandika 38, wengine 45, na utapigiwa kelele na wote wawili. Uliza ni vita gani vilikwisha kabla ya saa moja kutimia. Usiulize ziwa kubwa Afrika bila kusema ukubwa wa eneo au wa kina, maana Victoria na Tanganyika wote wana mawakili. Na ile hadithi ya Malkia Victoria kumpa mjukuu wake mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, iacheni jamani. Ni uzushi mtamu.

Waingereza wanapenda mianya ikizibwa. Muulizaji akisema limekwisha, limekwisha, hata akikosea. Hapo ndipo ninapotengana nao. Tulipofanya chemsha bongo yetu Watanzania wa huku, sherehe ya Desemba 9, nililiuliza swali nililodhani halina mwanya: Kilimanjaro ina vilele vingapi? Vitatu, Kibo, Mawenzi na Shira. Mzee mmoja wa Machame akasimama kudai Shira imeporomoka zamani, sasa ni uwanda, hivyo vilele ni viwili. Meza ya Wapare ikasema huyo anatetea pointi. Pilau likapoa. Mke wa rafiki yetu, Mwingereza, alikuwa ananiuliza kila mara nani anaongoza, na mimi sikuwa na habari. Raundi mbili hazikuulizwa kabisa. Ilikuwa sherehe nzuri kuliko zote nilizohudhuria katika nchi hii, na sitakubali mtu anishawishi kwamba ule ulikuwa upungufu wa nidhamu.

Kwa hiyo nikiona baa za Nairobi na Dar zinaiga chemsha bongo ya Kizungu mpaka maswali ya tamthilia za Marekani, nasikitika kidogo. Sisi tulikuwa na mchezo huu kabla ya maikrofoni, tukaufungia kwenye vitabu vya darasa la tatu. Kwenye vitendawili aliyeshindwa hapewi sifuri. Anadaiwa mji. Akisema chukua Bagamoyo, mtegaji anafunga safari ya maneno: nilikwenda Bagamoyo, watu wake wakanipokea, wakanilisha, wakanicheka kwa kuuliza jambo dogo hivyo, ndipo wakaniambia jibu ni yai. Kushindwa kwako ndiko kunakozaa hadithi. Baa ya Kiingereza haina kitu kama hicho, inaandika alama na kusonga mbele.

Nimeanza kuiingiza. Kwenye raundi zangu, meza isiyojua inaruhusiwa kunipa mji, nami nawasafirisha kabla ya kutoa jibu, na wanapata nusu alama kwa ukarimu. Mara ya kwanza meza ya wauguzi iliniuliza wanipe mji gani. Nikawajibu, wowote ambao hamtaukumbuka ukiondoka. Wakanipa Sunderland kabla sijafunga mdomo.