Giaboksi ya Otomatiki Ikianza Kuteleza: Ifunguliwe au Ibadilishwe?

Toyota IST inayopanda mwinuko wa Kimara na abiria wanne, injini ikinguruma na mshale wa mizunguko ukipanda huku gari lenyewe likisuasua, humfikisha mwenyewe gereji kabla wiki haijaisha, na huko hupewa majibu mawili yanayopingana. Fundi wa kwanza husema giaboksi ishushwe, ifunguliwe, iwekwe klachi pleti mpya (zile sahani zinazobanana ili kupeleka nguvu kwenye gia) na sili mpya, na gari litarudi katika hali yake. Wa pili husema giaboksi ya otomatiki ikishafunguliwa haiwi tena ile iliyotoka kiwandani, kwa hiyo mwenye gari asipoteze hela bali aende Ilala au Kariakoo akanunue ya mtumba iliyoshuka kutoka Japani. Wote wawili wana hoja. Wote wawili pia wana maslahi, kwa kuwa wa kwanza anauza ufundi wake na wa pili, mara nyingi, ana chochote anachopata dukani kwa kumpeleka mteja.

Kwa kawaida mwenye gari huamua kwa kulinganisha bei hizo mbili, na hapo ndipo ninapoona kosa linapoanzia. Bei ni swali la pili. La kwanza ni nini kilichoiharibu giaboksi, kwa sababu sababu ikibaki ndani ya gari, giaboksi iliyofunguliwa na iliyonunuliwa zote zitakufa kwa ugonjwa uleule.

Hata kabla ya hapo, si kila gari linalopiga mshindo lina giaboksi mbovu. Mauntini ya injini iliyokatika hufanya gari ligonge kwa kishindo kila unapoweka D au R, na plagi iliyochoka huleta mtetemo ambao hata fundi mzoefu anaweza kuusingizia tokokonveta, yaani lile bakuli la chuma lililoshikana na injini ambalo hupeleka nguvu kwenye giaboksi kwa msukumo wa oili. Solinoidi moja iliyokufa, yaani vali ndogo ya umeme inayoelekeza oili ndani ya giaboksi, inaweza kulifanya gari ling'ang'anie gia moja, kwa kuwa kompyuta ikigundua hitilafu hulilinda gari kwa kulizuia lisibadili gia. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 mwanzoni, taa ya O/D OFF (ile inayoonyesha kuwa gia ya juu kabisa imezimwa) inayowaka na kuzima yenyewe ni ujumbe kwamba kompyuta imehifadhi namba ya hitilafu, na namba hiyo husomwa kwa mashine ndani ya dakika chache. Kwenye giaboksi nyingi za Toyota ndogo, solinoidi zimefungwa kwenye valvu bodi, lile bamba lenye njia za oili na valvu za kubadilishia gia, na valvu bodi hufikiwa kutoka chini baada ya kutoa sampu, yaani trei ya oili iliyo chini ya giaboksi, bila kushusha giaboksi. Anayenunua giaboksi nzima kwa sababu ya solinoidi moja amelipa gharama ya nyumba kwa ajili ya kitasa.

Sampu ndiyo inayosema ukweli, na ningemshauri kila mwenye gari awepo inapofunguliwa. Niliwahi kusimama kando ya fundi akiifungua, gari likiwa juu ya stendi, oili ikimwagika kwenye beseni ikiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea badala ya wekundu wake wa asili, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichoungua. Ndani ya sampu mlikuwa na sumaku ndogo za duara. Fundi alizifuta kwa kidole gumba, akanionyesha uji laini wa kijivu uliokuwa umezizunguka, akasema huo ni uchakavu wa kawaida wa chuma, hauna tatizo. Kisha akainamisha sampu kwenye mwanga, na chini kabisa pakaonekana vipande vyeusi, vyepesi kama maganda ya dagaa waliokaangwa hadi wakaungua, pamoja na chembe chache za rangi ya shaba. Vile vyeusi vilikuwa tando za klachi pleti zilizobanduka. Zile za shaba zilitoka kwenye bushi. "Bosi, hapa oili mpya haisaidii kitu," alisema, na alikuwa sahihi. Oili haiwezi kurudisha tando iliyokwisha kubanduka.

Ikithibitika hivyo, uamuzi sasa ni halali, na hoja za kufungua ni nzito kuliko zinavyopewa sifa. Giaboksi ya gia nne iliyomo kwenye IST, Raum au Premio za zamani ni ya mfumo uliotumika miaka mingi, haina siri kubwa, na spea zake zinapatikana. Aliyeifungua anajua kilichomo ndani: ameziona pleti, ameona ngoma zinazozibeba, amepima kama pampu ya oili imelika. Juu ya hayo, kasha lenyewe ni la gari lile lile, hivyo hakuna wasiwasi wa kutofautiana kwa uwiano wa difu wala wa plagi za waya.

Udhaifu wa njia hii si wa nadharia, ni wa mazingira. Valvu bodi ina njia nyembamba kama zile za kichuguu, ndani yake mna vipira vidogo vya chuma na springi ambazo kila moja ina mahali pake, na punje moja ya mchanga inatosha kukwamisha valvu. Sasa fikiria kazi hiyo ikifanyika juu ya boksi la karatasi, chini ya mwembe, kando ya barabara ya vumbi ambako malori ya kokoto hupita siku nzima. Wapo mafundi wenye chumba safi, meza ya chuma, presi ya kubana springi za ngoma na hewa ya kompresa ya kujaribia kila klachi kabla ya kufunga, lakini si wengi, na mteja wa kawaida hana namna ya kuwatambua isipokuwa kwa kufika na kuangalia. Kasoro nyingine ni kazi ya nusu nusu: zinabadilishwa pleti tu, tokokonveta inarudishwa na uchafu wake wote, na baada ya miezi michache uchafu ule unazunguka kwenye pleti mpya.

Upande wa pili nao una nguvu zake. Japani gari dogo jipya hupita ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wenye magari wengi kuyaachia mapema. Mengine huuzwa nje, mengine hukatwa spea. Kwa hiyo giaboksi iliyotoka huko mara nyingi huwa imefanya kazi kwenye lami, kwa oili sahihi, ikihudumiwa kwa ratiba. Kubadilisha ni kazi ya siku moja au mbili badala ya wiki, na kwa mwenye gari anayepata riziki kwa kubeba abiria wa mtandaoni kila siku ya gereji ni siku bila mapato. Hoja hii ya muda mara nyingi husahaulika na wanaopigia debe ufunguaji.

Hata hivyo, mnunuzi wa mtumba ananunua kilichofungwa. Giaboksi haina kisoma kilomita. Iliyotembea 60,000 na iliyotembea 200,000 zinakaa rafu moja, zimeoshwa kwa mafuta ya taa, zote zinang'aa. Muuzaji hupiga alama ya rangi juu ya kasha na kutoa muda wa majaribio, siku kadhaa hivi, kwa masharti kwamba alama isiguswe. Fundi akifunga kwa makosa na kuiharibu, muuzaji hahusiki. Na makosa ya kufunga yapo. Tokokonveta isipokaa sawasawa ndani ya pampu kabla ya giaboksi kuunganishwa na injini, fundi mwenye haraka huzivuta pamoja kwa kukaza bolti, na pampu hupasuka kabla gari halijawashwa hata mara moja. Lingine ni la namba: kibandiko cha chuma chenye namba za gari kwenye Toyota huonyesha pia namba ya giaboksi, na mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kwa difu au kwa kuwa moja ni ya foo wili. Anayekwenda dukani bila namba hiyo anabahatisha.

Nimetaja sababu ya kifo, na hapa ndipo inapohukumu pande zote mbili. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi hupozwa kwa kupita ndani ya rejeta, kwenye bomba lililozungukwa na maji ya injini. Gari lililojazwa maji ya bomba mwaka baada ya mwaka badala ya kulanti hupata kutu, bomba lile hutoboka, na maji huingia kwenye oili mpaka ikawa kama chai ya maziwa. Gundi inayoshikilia tando za klachi pleti haivumilii maji. Mwenye gari akinunua giaboksi nzuri kuliko zote Ilala na kuifunga na rejeta ile ile, ataiua kama alivyoiua ya kwanza. Hata pale ambapo rejeta ni nzima, mabomba ya kupozea yasipooshwa, vipande vya giaboksi ya zamani vitaingia kwenye mpya. Nimewauliza mafundi kadhaa kama huosha mabomba hayo; jibu la wengi lilikuwa tabasamu.

Magari ya CVT, kwa maoni yangu, yana hesabu yake. Hayana hatua za gia wala rundo la klachi pleti za kawaida kwa kila gia. Yana mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mkanda ukikwangua puli, hakuna cha kubandika. Nissan X-Trail ya toleo la T31, iliyoanza 2007, ina hata kumbukumbu ndani ya valvu bodi ambayo kompyuta ya giaboksi hulazimika kuisoma upya giaboksi inapobadilishwa, na asiye na mashine ya kufanya hivyo atafunga giaboksi nzima na gari litaendelea kuruka ruka. Hapo kubadilisha ndiko njia, lakini kwa fundi mwenye mashine, na kwa oili ya CVT iliyotajwa na mtengenezaji, si ATF (oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida) yoyote nyekundu iliyo rafuni.

Kuna kipimo kinachotumika sana Ulaya na Marekani: gharama ikizidi nusu ya thamani ya gari, liachwe. Hapa kwetu kipimo hicho hakifai kuchukuliwa kama kilivyo, kwa sababu gari mbadala huja na ushuru, na gari kuukuu huongezewa tozo ya uchakavu, hivyo kulitengeneza la zamani hubaki nafuu kwa muda mrefu zaidi. Tuseme kwa mfano tu kwamba kufungua ni shilingi 900,000 na mtumba ni 1,300,000. Tofauti ya 400,000 inaonekana kubwa hadi uongeze rejeta, oili kamili (kumwaga kupitia sampu hutoa takriban nusu tu, sehemu kubwa ya iliyobaki imo kwenye tokokonveta), na siku ambazo gari limelala, na hapo njia zote mbili zinakaribiana kiasi kwamba bei haiwezi tena kuamua.

Kwa gari la gia nne ambalo dalili zake zilianza karibuni, na fundi mwenye chumba safi yupo, ningefungua, na ningesimama pale pale wakati wa kufunga tokokonveta. Chembe za shaba zikijaa sampu, au gari likiwa limeendeshwa wiki nzima likiteleza, ningenunua mtumba na kutenga hela ya rejeta mpya kabla ya kutenga ya giaboksi. Na yule wa IST ya Kimara, ambaye taa yake ya O/D OFF ilikuwa ikiwaka na kuzima tangu mwezi uliopita, ningemwambia asishushe chochote mpaka namba ya hitilafu isomwe.