Hakimu wa Kijerumani anaongea sana, mi sioni ubaya

Juzi kijiweni hapa Majengo, Dodoma, jamaa mmoja karani wa mawakili alikuwa anabisha kwamba Ujerumani kesi ya madai ni kama ya polisi tu, hakimu anauliza maswali yeye, mashahidi anawahoji yeye, mtaalamu anamteua yeye, sasa wakili wa nini. Nikamwambia wakili yupo, tena ukifika Landgericht, yaani mahakama yao ya kesi kubwa za madai, huruhusiwi kuendesha kesi bila wakili. Na kesi bado ni yenu nyie wawili, hakimu hakupi zaidi ya ulichoomba, na ukishindwa kuthibitisha imekula kwako, yeye haendi mtaani kukutafutia ushahidi.

Kinachonivutia mimi ni kifungu cha 139 cha sheria yao ya mwenendo wa madai. Hakimu akiona kuna kitu umekiruka, lazima akwambie mapema na aandike kwenye jalada kwamba alikwambia, hawezi kukuvizia na hoja hiyo siku ya hukumu. Sasa nina jirani yangu Nkuhungu, kesi ya kiwanja, aliomba kuongezewa muda wa kukata rufaa, hati ya kiapo ikasahau kutaja mahali alipoapia. Mstari mmoja tu! Upande wa pili wakakaa kimya wiki kibao afu siku ya kusikilizwa wakaibuka na pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka maombi yatupwe kabla hayajasikilizwa, maombi yakaondolewa, mama akaanza upya, ada upya, nauli upya, na muda ndo ulikuwa unazidi kuyoyoma. Mwaka 2018 sheria zetu ziliingiza lile lengo kuu la kutazama haki kuliko ufundi, ila mawakili wa pingamizi hawajafunga duka.

Karani akasema hakimu akianza kukupa vidokezo tayari ana upande. Hofu hiyo ina msingi, na Wajerumani wenyewe wanaijua ndo maana wakaweka mpaka: hakimu hawezi kumnong'oneza mdaiwa kwamba deni limepitwa na muda, mdaiwa asiposema mwenyewe, analipa. Kwetu je? Sheria ya Ukomo ya 1971 inataka kesi iliyochelewa itupwe hata kama mdaiwa hajaligusa kabisa suala la muda. Yaani hapo hakimu wetu, tunayemsifia kukaa kimya na kuwaachia mawakili waongee, ndo anayemuokoa mdaiwa.

Ila kuna sehemu alinibana. Ujerumani hakuna utaratibu wa kumlazimisha mpinzani afungue kabati lake lote la nyaraka, ukimshtaki mwajiri au benki na karatasi zote wanazo wao, unateseka kweli. Hiyo nilimpa.

Kinachochekesha, reli iliyofika hapa Dodoma 1910 walijenga Wajerumani, lakini sheria tuliyobaki nayo ni ya Mwingereza, ile ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, siku iliyowekwa ya kuipokea hapa Tanganyika. Karani hakuijua hiyo tarehe, na anafungua mafaili ya kesi kila siku.