Mama Mkwe na Mchuzi wa Maua

Mke wangu alinionya mapema. "Baba Zuhura, maua ni ya harusini. Ukiyatia kwenye mchuzi, mama atadhani nimeolewa na mbuzi."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na makopo matano ya rangi nyuma ya nyumba hapa Shangani, yana rihani, giligilani na vitunguu vya majani, nami nikajiona bwana shamba wa Mtwara nzima. Nikamshushia somo: rihani ikianza kutoa maua, nguvu zake zinakwenda kwenye mbegu, majani yanabaki madogo na kuanza uchungu. Kwa hiyo vile vishada vya maua sharti uvikate, shina lichipue pembeni. Sasa ukishavikata unavitupa? Vina harufu ileile ya majani, ila ya upole kidogo. Maua ya giligilani hivyohivyo. Na maua ya maboga je, ambayo bibi zetu wanayachuma pamoja na majani yake na kuyaunga kwa karanga, nayo ni ya harusini?

Hapo akanyamaza. Nikajua nimeshinda.

Jumamosi moja mama yake akashuka kutoka Newala na kiroba cha ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu kusini. Mimi mbele ya mama mkwe huwa nakaa kama mtuhumiwa, magoti pamoja, macho sakafuni. Nikaona pa kujikomboa ni jikoni. Nikatangaza kwamba leo napika mimi. Mama mkwe akamtazama binti yake. Binti yake akatazama dari.

Samaki aina ya changu niliwafuata mwenyewe soko la Feri, macho yao bado yanang'aa. Nazi nikakuna, tui nikakamua. Yote yalikwenda sawasawa mpaka magharibi, umeme ulipokatika. Na niseme kabisa kwamba siku hiyo nilikuwa na mafua, yale ya kuziba pua zote mbili, ukisema "mama" watu wanasikia "baba".

Nikatoka uani nimeng'ata simu, tochi yake inamulika mwembe wa jirani badala ya makopo yangu. Nikapapasa, nikagusa vishada virefu vimejaa maua, nikachuma. Nikavitosa kwenye maji ya chumvi ili wadudu watoke, maana sisimizi wanapenda sana kulala humo. Vijiua nikavipukutisha, vikonyo nikavitupa, kwa sababu ukivitafuna ni kama unatafuna fagio. Utaalamu mtupu.

Maua hayachemshwi, harufu yake hukimbia na mvuke. Kwa hiyo nikaepua kwanza, ndipo nikamwagia konzi moja. Nikainama kunusa. Kimya. Nikaongeza konzi ya pili. Nikanusa. Kimya. Nikajisemea, kumbe hii harufu ni ya upole kweli. Nikatia ya tatu. Ya nne nikaitia kwa heshima ya ukwe.

Tukakaa mkekani, taa ya chemli katikati. Mama mkwe akamega tonge la ugali wa muhogo, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna mara mbili, akaacha. Akatafuna tena mara moja, polepole, kama mtu anayesikiliza mlango unabishwa. Kisha akameza yote kwa maji.

"Mchuzi una... dawa," akasema.

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Asante, mama."

Mke wangu alikuwa ameng'ata midomo, machozi yanamlenga, nami nikadhani ni pilipili. Aliyeniumbua ni Zuhura. Ana miaka sita, na mambo ya ukweni hayajui.

"Baba, mchuzi unanuka kama dirisha la chumbani."

Mke wangu akainuka bila neno, akachukua tochi, akatoka uani. Akarudi amebeba makopo mawili, akayatua mbele ya mama yake kama mwendesha mashtaka anaonyesha kidhibiti. La kwanza lilikuwa rihani yangu, majani mapana yanang'aa, maua yote yapo, haijaguswa. La pili ni lile analoliweka chini ya dirisha letu la chumbani kila usiku. Mchana alikuwa amelihamishia kwenye makopo yangu ili alinyweshee maji. Lilikuwa limenyolewa kipara.

Kivumbasi. Cha kufukuzia mbu.

Kwa kweli mimea hii miwili ni ndugu, na gizani maua yake hayana tofauti kubwa. Tofauti ni pua, na yangu ilikuwa likizo. Nilijaribu kulieleza hilo, lakini nani alikuwa ananisikia? Mama mkwe, ambaye tangu ndoa sijawahi kumwona akicheka mbele yangu, alikuwa amejifunika kanga usoni na mabega yanatikisika. Alipopata pumzi akauliza, "Hebu niambie, mwanangu, mbu wa Mtwara siku hizi wanaingia mpaka tumboni?"

Usiku ule tulikula ming'oko ya kuchemsha na chumvi, kwa chai ya rangi. Wale changu paka wa jirani alikuja, akanusa sufuria, akarudi zake kwao.

Mwezi uliopita mama mkwe amepiga simu kwamba anakuja tena. Akamwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha mimi kuisikia kutoka sebuleni: "Na mwambie mkwe wangu asijisumbue kupika. Nimenunua chandarua."