Kabla ya kuufuta mtihani wa watendaji

Wanaotaka mitihani iondolewe kwenye udahili wa MBA ya watendaji, yaani shahada ya uzamili ya biashara kwa viongozi walioko kazini, wana hoja. Tangu Chuo Kikuu cha Chicago kianzishe programu ya kwanza ya aina hii mwaka 1943, wanaoomba ni watu wazima walioko kazini, wengi wao wakiwa wameongoza watu kwa miaka. Kumrudisha mtu wa namna hiyo kwenye aljebra ya sekondari, ilhali bajeti ya kampuni iko mikononi mwake, kunaonekana ni kumdharau. Ndiyo maana Kellogg, shule ya biashara ya Marekani, haiwadai watendaji alama za GMAT, mtihani wa udahili wa shule za biashara.

Ila mtihani wenyewe umebadilika. Mwaka 2016 GMAC, taasisi yenye GMAT, ilileta Executive Assessment mahususi kwa watendaji: maswali 40, dakika 90, alama kuanzia 100 hadi 200. Anayelalamika kwamba maandalizi yatammalizia miezi ya jioni zake, mara nyingi anaulalamikia mtihani wa zamani.

Tukiufuta, kinachobaki ni wasifu wa kazi, barua za mabosi na mahojiano. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya utafiti ambao watetezi wa wasifu wanapaswa kuusoma polepole. Waliwatumia waajiri wa Boston na Chicago wasifu wa kubuni wapatao 5,000, nusu ukiwa na majina kama Emily na Greg, nusu majina kama Lakisha na Jamal. Mwenye jina la kizungu alihitaji kutuma takriban wasifu 10 ili apigiwe simu mara moja. Mwenye jina la Mmarekani Mweusi alihitaji 15. Kinachoniuma zaidi ni hiki: wasifu ulipoongezewa uzoefu na ujuzi, Emily na Greg walinufaika sana, Lakisha na Jamal walinufaika kidogo. Tunaposema "uzoefu ujisemee," tujiulize unasemea kwa nani.

Ni kweli, utafiti ule ulihusu ajira, si udahili. Lakini msomaji wa wasifu ni binadamu yuleyule, na jina la mwajiri nalo lina uzito wake. Afisa wa udahili aliyeko Philadelphia, Marekani, anaijua McKinsey, kampuni kubwa ya ushauri wa biashara. Meneja aliyeikuza SACCOS ya Mbeya atamweleza nini katika mistari miwili? Alama 155 ni 155 kwa wote wawili.

Mtihani nao una ubaguzi wake. Ada yake ni dola 350, maswali yako kwa Kiingereza, na aliyesoma shule nzuri ana faida. Hilo silipuuzi, lakini hesabu na ufahamu mtu anaweza kujifunza, wakati jina la mwajiri wa jana halibadiliki.

Wengine wanapendekeza mtihani uwe wa hiari. Dartmouth, chuo cha Marekani, ilijaribu hivyo kwa shahada ya kwanza, kisha mwaka 2024 ikaurudisha baada ya watafiti wake kugundua kwamba waombaji wa familia duni walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kudhani ni ndogo mno. Meneja wa Mbeya, asiye na mtu wa kumwambia kwamba 155 yake inatosha, angefanya vivyo hivyo. Shule zilizoufuta mtihani basi zichapishe kila mwaka majina ya waajiri wa waliodahiliwa, tuone ni wangapi wametoka kwenye kampuni zisizojulikana.